Ganzi ya mikono kwenye baiskeli: tunayoyaamini na yaliyo kweli

Sisi wa Tanga tumelelewa na baiskeli, lakini kumfikisha mtu sokoni Ngamiani ni kazi moja, na kuteremka kutoka Amani hadi Sigi ni nyingine. Njia ile ina mawe, makorongo na kona zisizokwisha. Tukifika chini, utaona watu wanakung'uta mikono: vidole vimekufa ganzi. Hapo ndipo ushauri unapoanza kumiminika, na mwingi wake unanisikitisha.

“Damu haipiti, kung'uta tu.”
Mara nyingi kinachobanwa ni mshipa wa fahamu. Angalia ni vidole gani vimekufa, maana vyenyewe vinakuonyesha mahali. Kikiwa kidole cha mwisho na nusu ya kile cha pete, umeegemea tako la kiganja, upande wa kidole kidogo. Hapo mshipa unapita kwenye njia nyembamba iliyoelezwa na daktari wa upasuaji Mfaransa, Guyon, mwaka 1861, na mpini wa usukani unaikandamiza moja kwa moja. Ikiwa ni gumba, cha shahada na cha kati, tatizo liko katikati ya kifundo cha mkono, na kwa kawaida kifundo hicho umekikunja kwa nyuma. Mwambie fundi ashushe kidogo mikono ya breki, ili kigasha na vidole vinavyoshika breki vinyooke mstari mmoja.

“Inamisha pua ya siti, utakaa vizuri.”
Kosa hili ndilo ninaloliona zaidi. Siti ikiinama mbele, mwili unateleza, na mikono inageuka nguzo za kukuzuia usianguke. Uzito uliotakiwa kubebwa na makalio na miguu unahamia viganjani. Azima pimamaji kwa fundi mwashi, ulaze juu ya siti, uisawazishe. Kisha jiulize kama usukani uko mbali mno au chini mno. Kuuinua sentimita moja au mbili huleta nafuu ambayo glavu haiwezi kuleta. Na ukiwa unateremka, simama kwenye pedali zikiwa sawa, magoti na viwiko vimelegea. Miguu ndiyo ibebe.

“Vaa glavu nene, zungushia na sponji.”
Glavu inasaidia, unene ndio wenye matatizo. Mpini ukinenepa kupita mkono wako, unalazimika kuubana kwa nguvu zaidi, na kubana kwenyewe kunachosha mkono na kuongeza mgandamizo. Mito ya glavu ikikaa juu ya mshipa, imeongeza mzigo palepale panapouma. Mpini uliopanuka nyuma, unaokitandaza kiganja, ni bora kuliko sponji.

“Shika kwa nguvu, usije ukaanguka.”
Shika kama unavyomshika kifaranga. Kidole kimoja au viwili kwenye breki, vingine vizunguke mpini bila kuukaba, na kila baada ya dakika chache hamisha mkono kidogo.

“Jaza upepo mpaka tairi iwe jiwe.”
Kwa lami ya kwenda Muheza, sawa. Mlimani, tairi ngumu inakuletea kila kokoto mkononi. Punguza kidogo kidogo, bila kufika mahali ambapo rimu inagonga jiwe na kutoboa tyubu. Namba iliyochapwa ubavuni mwa tairi ni kikomo, hujaambiwa uifikie.

“Utazoea.”
Hili naomba tuliache kabisa. Ganzi inayoondoka dakika chache baada ya kushuka inakutaka urekebishe baiskeli. Ganzi inayolala nawe usiku, au inayodumu siku kadhaa, inahitaji daktari na mapumziko. Vilevile udhaifu, ambao unaweza kuja hata bila ganzi: ufunguo haugeuki, kifungo cha shati kinakushinda, karatasi inachomoka kati ya gumba na kidole cha shahada. Mshipa ulioumia unaweza kuchukua wiki au miezi kupona, na muda wote huo haufai kurudishwa kwenye mawe ya Amani.