Mfarishi wa rangi: ni mfarishi au ni picha?

Wapo wasemao mfarishi uliopakwa rangi kwa brashi si mfarishi, ni picha tu. Kwetu Unguja na Pemba mfarishi si kitu cha kila nyumba. Joto letu halitaki zaidi ya shuka, na kaskazi ikipamba moto hata shuka hupigwa teke. Lakini kazi yenyewe si ngeni kwa aliyelalia godoro la sufi. Fundi akishalijaza, hupitisha sindano ndefu toka juu hadi chini, hapa na pale, sufi isije ikakimbilia upande mmoja. Mfarishi ni hivyo hivyo, ila mwembamba: kitambaa juu, pamba katikati, kitambaa chini, na mshono unaozishika tabaka zote tatu. Ukiufumua, umebaki na vitambaa vilivyolaliana tu.

Wengi wakisikia mfarishi hufikiria viraka. Viraka ni pambo la uso wa juu. Mmoja wa mifarishi ya kale zaidi iliyobaki duniani, wa Sicily wa karne ya 14, uliopo kwenye jumba la makumbusho la Victoria and Albert jijini London, ni kitani bila viraka. Hadithi ya Tristan, shujaa wa ngano za kale za Ulaya, imetokezwa kwa uzi na pamba iliyotuna chini ya maumbo.

Sasa rangi. Faith Ringgold, msanii wa Marekani aliyezaliwa Harlem, mtaa wa New York, mwaka 1930, alipaka akriliki (rangi ya wachoraji yenye asili ya plastiki) kwenye turubai, akaizungushia vipande vya vitambaa, kisha ikashonwa kuwa mfarishi. Wa kwanza aliutengeneza mwaka 1980 pamoja na mama yake, Willi Posey, aliyekuwa mbunifu wa mavazi. Wengine hutumia rangi za kutilia nguo, na tofauti huijua mkono: akriliki hukaa juu ya kitambaa ikakikaza, na tundu la sindano hubaki wazi; rangi ya kutilia nguo hunywewa na uzi, kitambaa kikabaki laini.

Wanaokata na kuunga vipande miezi kadhaa hunung'unika wanapowekwa safu moja na mwenye brashi kugombea zawadi. Hapo nawaelewa. Kupima ulinganifu wa vipande na kupima mkono wa mchoraji ni mizani mbili. Lakini kusema wa rangi si mfarishi kabisa ni neno jingine.

Mimi hupima kwa kofia ya viua. Kabla ya sindano huja penseli: ua huchorwa kwenye kitambaa, mshonaji akalifuata kiua baada ya kiua, wiki kwa wiki (na bei ya kofia ya mkono unaijua mwenyewe). Ikifuliwa, penseli inatoka, viua vinabaki. Mchoro uliitumikia sindano. Basi mbele ya mfarishi wa rangi jiulize: uzi ukitolewa, kinapotea nini? Ikiwa wimbi lililotuna linalala bapa, makunyanzi ya uso wa bibi yanafutika, sindano ilikuwa na kazi, na huo ni mfarishi. Ikiwa hakipotei kitu, ile ni picha iliyowekewa pamba mgongoni.

Kipimo hicho hakiwaonei huruma hata wa viraka. Vile vitandiko vya vipande vya kanga vinavyouzwa Mji Mkongwe, vingi havina pamba wala mshono wa kushika tabaka. Vinapendeza sana, nami ninacho kimoja nyumbani. Ni shuka la viraka.