Kilo za kichanga: jeni za ukuaji, kondo la nyuma na afya ya ukubwani

Maswali haya huulizwa na akina mama kwenye mabenchi ya kliniki za Mtwara na Lindi, na mengine huletwa na waume zao pembeni. Mengi yanaanzia pale pale: kichanga kimewekwa kwenye mzani, namba imesomwa, na watu wa nyumbani wameanza kuitafutia mwenyewe.

Mwanangu amezaliwa na kilo 2.1. Mama mkwe anasema nilikuwa sili vizuri. Ni kweli?

Dada, swali la kwanza ni mimba ilikuwa na wiki ngapi. Mtoto anayezaliwa chini ya kilo 2.5 huhesabiwa ana uzito pungufu, lakini njiti wa wiki 33 mwenye kilo 2.1 alikuwa anakua sawasawa, amewahi tu kutoka. Wa wiki 39 mwenye kilo hizo hizo ndiye aliyebanwa tumboni. Lishe ni sababu mojawapo. Zipo pia malaria, upungufu wa damu, presha ya mimba, mapacha, mama mwenye umri mdogo, pombe na sigara. Zipo na jeni, zako na za baba yake. Mama mkwe ameitaja moja kati ya nyingi, tena bila kupima chochote.

Hizo jeni za ukuaji ni zipi?

Jeni ni maelekezo yaliyomo ndani ya seli, ambayo mwili huyafuata kutengeneza protini. Zipo protini mbili zinazofanana kwa umbo na insulini, ambazo huiambia seli ikue na igawanyike. Wataalamu huziita IGF-1 na IGF-2. IGF-2 hufanya kazi kubwa tangu mimba changa, hasa katika kulijenga kondo la nyuma. IGF-1 hupata nguvu zaidi miezi ya mwisho, na wingi wake hufuata chakula kinachomfikia mtoto. Insulini ya mtoto mwenyewe nayo humkuza akiwa tumboni.

Homoni ya ukuaji inayomrefusha mtoto baadaye haina kazi kubwa kabla ya kuzaliwa. Watu wenye ugonjwa wa Laron, ambao miili yao haiitikii homoni hiyo, huzaliwa na ukubwa unaokaribia wa kawaida, halafu hubaki wafupi. Lakini mwaka 1996 madaktari wa Uingereza walieleza habari za kijana ambaye jeni yake ya IGF-1 ilikuwa na kasoro: alizaliwa mdogo mno ingawa mimba ilikuwa imetimia.

Baba ana mchango gani kwenye uzito wa mtoto?

Mkubwa kuliko wengi wanavyodhani. Huku kwetu Kusini, kwa Wamakonde, Wamwera, Wamakua na Wayao, ukoo hufuata upande wa mama, na mjomba ana sauti kwa mtoto. Kwenye jeni ya IGF-2 mambo yamegeuka. Kila mtu hurithi nakala mbili, moja kwa mama na moja kwa baba, lakini kwa jeni hii nakala ya mama huwa imefungwa tangu mwanzo. Inayofanya kazi tumboni ni ya baba.

Jambo hili lilionekana kwa panya, New York, mwaka 1990 na 1991. Watafiti waliiharibu jeni hiyo. Vitoto vilivyorithi kasoro kwa baba vilizaliwa na asilimia 60 hivi ya uzito wa ndugu zao. Vilivyoirithi kwa mama vilikuwa vya kawaida kabisa. Mama naye ana jeni zake zinazofanya kazi upande wake tu, na baadhi yake huzuia mtoto asikue kupita kiasi. Maelezo yanayokubalika na wengi ni kwamba jeni za baba huvuta mtoto achukue chakula kingi zaidi, na za mama humlinda mama abaki na nguvu za kuzaa tena.

Vizuizi hivyo vikivurugika kwenye kromosomu ya 11, mojawapo ya nyuzi zinazobeba jeni ndani ya seli, matokeo huonekana kwa macho. IGF-2 ikizidi, mtoto anaweza kuzaliwa mkubwa, ulimi umejaa mdomoni, kitovu kimetokeza, na sukari yake ikashuka saa za mwanzo. Huo ni ugonjwa wa Beckwith-Wiedemann. Ikipungua, anaweza kuzaliwa mdogo, kichwa kikionekana kikubwa kuliko mwili, na kunyonya kukamsumbua. Huo ni wa Silver-Russell. Yote mawili ni nadra. Mtoto mdogo asiye na dalili nyingine hahitaji kutafutiwa kipimo cha jeni.

Basi uzito wote umeandikwa kwenye jeni?

Hapana. Mwaka 2016 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa watu zaidi ya 150,000 ulioonyesha maeneo 60 ya vinasaba yanayogusa uzito wa kuzaliwa. Tofauti zote za vinasaba vya mtoto kwa pamoja zilieleza angalau asilimia 15 ya tofauti za uzito. Wengi wa waliopimwa walikuwa na asili ya Ulaya, na naona ni lazima kusema hivyo kwa msomaji wa Newala au Ruangwa. Tena maeneo kadhaa kati ya hayo yanahusika pia na kisukari na presha ya ukubwani.

Nilikuwa na kisukari cha mimba, mtoto akazaliwa na kilo 4.3. Kwa nini awe mkubwa?

Sukari ya mama hupita kwenye kondo, insulini yake haipiti. Mtoto akipokea sukari nyingi hutengeneza insulini nyingi yake mwenyewe, na insulini hiyo humjaza mafuta na kumkuza. Kamba ya kitovu ikikatwa sukari inakoma ghafla huku insulini bado ipo, ndiyo maana wauguzi hutoboa kisigino chake kupima sukari na kuhimiza anyonye mapema.

Watafiti wa Exeter, Uingereza, walionyesha mwaka 1998 jinsi jeni na sukari zinavyosukumana. Walichunguza familia zenye kasoro kwenye jeni ya glukokinasi, ambayo hulisaidia kongosho kuhisi sukari. Mtoto akirithi kasoro hiyo insulini yake huwa kidogo, na huzaliwa pungufu kwa takriban nusu kilo. Mama akiwa nayo na mtoto hana, sukari ya mama humwongezea mtoto gramu 600 hivi.

Malaria inaingiaje kwenye habari za jeni?

Hapa ndipo ningependa watu wa mikoa yetu watulie na kusoma, maana malaria ipo nasi. Vimelea hujificha ndani ya kondo la nyuma. Mama anaweza kujisikia mzima, hata homa hana, kumbe kondo limejaa vimelea na uvimbe. Tafiti zimeona kwamba kondo likivimba hivyo, IGF-1 hupungua na njia za kupitisha chakula kwenda kwa mtoto huzorota. Ni kama bandari ya Mtwara msimu wa korosho: gati likiziba, mzigo haupiti hata maghala yakijaa. Jeni za mtoto zinaweza kuwa nzima na mama anakula samaki na kisamvu kila siku, mtoto akabaki mdogo.

Kwa hiyo anza kliniki mapema. SP, vidonge vya kumkinga mjamzito na malaria, hutolewa kuanzia miezi mitatu ya kwanza inapopita, kila dozi ikiachana na nyingine angalau mwezi mmoja, na zifike tatu au zaidi. Mama anayeishi na VVU anayetumia kotrimoksazoli hapewi SP, maana dawa yake tayari inamkinga, amwambie muuguzi. Chandarua chenye dawa ni cha kila usiku. Na uraka wakati wa mabibo ni pombe kama pombe nyingine, hata ukiwa mtamu na mwepesi. Pombe inavuka kondo.

Wapo wanaopunguza kula mwisho wa mimba ili mtoto asiwe mkubwa wa kumzaa. Kuna ubaya?

Upo. Anayezuiwa ni mtoto, hasa miezi ile ya mwisho anapojenga uzito. Ukiogopa uzazi mgumu, mwambie mkunga apime na akupangie hospitali ya kujifungulia.

Njaa huacha alama hata pale mzani usipoonyesha kitu. Uholanzi ilipatwa na njaa kali majira ya baridi ya 1944 na 1945. Mwaka 2008 watafiti walipima damu ya watu waliotungwa mimba wakati ule, miaka 60 ikiwa imepita, wakakuta alama za kemikali zinazotawala jeni ya IGF-2 zimepungua wakilinganishwa na ndugu zao. Gambia, ambako vijijini kuna msimu wa njaa na msimu wa mavuno kama ilivyo kwetu, utafiti wa mwaka 2014 ulionyesha kuwa alichokula mama wakati mimba inatungwa hubadili alama za namna hiyo kwenye baadhi ya jeni za mtoto. Kunde, mbaazi, mboga za majani na dagaa vina maana hata kabla mwanamke hajajua kuwa ana mimba.

Mtoto mdogo nimnenepeshe haraka?

Mnyonyeshe. Njiti na mwenye uzito pungufu afungwe kifuani, ngozi kwa ngozi, khanga ikizunguka, saa nyingi kadiri inavyowezekana, na anyonye maziwa ya mama peke yake hadi miezi sita. Akue vizuri, ila uji wa sukari na maziwa ya kopo ya kumharakisha si msaada. Mwili uliozoea kidogo tumboni huwa na misuli michache, na mara nyingi vichujio vichache vya figo. Ukijazwa mafuta ghafla, insulini hushindwa kufanya kazi yake sawasawa.

Mimi mwenyewe nilizaliwa na kilo mbili, sasa nina miaka 30. Nifanye nini?

Uingereza, huko Hertfordshire, watafiti walifuatilia watu ambao uzito wao ulikuwa umeandikwa walipozaliwa mwanzoni mwa karne ya 20. Waliozaliwa wadogo walipatwa zaidi na ugonjwa wa moyo na sukari kupanda ukubwani. Hiyo ni hatari iliyoongezeka, na wengi waliozaliwa wadogo huzeeka wazima. Pima presha na sukari mara kwa mara, angalia kiuno kisipanuke. Ukishika mimba, mtajie muuguzi uzito wako wa kuzaliwa siku ya kwanza ya kliniki, pamoja na ndugu wa damu wenye kisukari, wa upande wako na wa mumeo.