"Nina email ya bosi" sio kinga, ni ushahidi

Wiki hii nimeisikia tena. Dogo mmoja niliyemsimamia alipokuwa fildi, siku hizi ni mhasibu kwenye kampuni ya vifaa vya ujenzi hapa Dar, kanipigia saa tatu usiku. Bosi wake wa fedha anataka mauzo ya mabati 1,400, milioni 46 na ushee bila VAT, yaingie Desemba. Mabati yametoka stoo Januari 6. Mwaka wao unafungwa Desemba 31, na benki inasubiri hesabu kwa sababu mkopo wao una sharti la faida, isishuke chini ya kiwango walichokubaliana. Nikamuuliza umefanyaje? Akanijibu kwa sauti ya mtu aliyejipanga kabisa, "Kaka usiwe na wasi, nimemwambia anitumie maagizo kwa email na katuma, nimei-save. Na isitoshe mi sijala hata mia."

Jamani. Hayo maneno mawili, nina email na sijala hata mia, nimeyasikia kwenye chai ya semina, kwenye magrupu ya WhatsApp, kwa watu wenye CPA, cheti cha uhasibu, ukutani na stempu mezani. Nimechoka, leo naandika.

La "sijala" nalipitia haraka. Wewe kutokula hela maana yake hukuiba, basi. Kazi yetu inauza kitu kimoja tu, kwamba mtu ambaye hakuwepo akisoma hesabu anaweza kuziamini. Benki ikikopesha kwa faida ambayo haipo, haitauliza nani alipata mgao. Ndo maana kanuni za maadili zinakukataza kujihusisha na taarifa unayojua inapotosha, uwe umelipwa au umefanya bure kwa upole wako.

Sasa email. Hii ndo inanikera.

Hebu tuisome kama mkaguzi atakavyoisoma. Inaonyesha bosi alikuagiza, sawa. Ila inaonyesha pia kwamba uliipokea, ukaielewa, ukaona ina walakini (ungekuwa huoni walakini ungeomba maandishi ya nini?), halafu ukafungua sistimu ukapiga entri, debiti wadaiwa, krediti mauzo, yaani mteja anadaiwa na mauzo yameingia, kwa jina lako la kuingilia na saa yake imeandikwa pembeni. Kabla ya email ungeweza angalau kujitetea kwamba umepitiwa. Sasa hata hilo huna, ushahidi umeu-save mwenyewe kwenye folda.

Na wasomi wa kanuni watanielewa, sehemu ya 270 ya kanuni za IESBA, bodi ya kimataifa ya maadili ya wahasibu, inazungumzia shinikizo na inakata pande mbili. Usikubali shinikizo likuvunjishe maadili, na usimshinikize mwenzako ayavunje. Kwa hiyo bosi kama naye ni CPA mmekosea wote wawili, na kosa lake halipunguzi lako hata chembe. Watu wanadhani lawama ni kama mkate, mwingine akichukua kipande kikubwa kwako kinabaki kidogo.

Mnaodhani natisha watoto, kamwulizeni Betty Vinson. Alikuwa mhasibu wa WorldCom, kampuni ya simu ya Marekani, kule Mississippi, sio mkubwa, mtu wa kati tu. Oktoba 2000 wakaambiwa wapunguze gharama kwa dola milioni 828 kwenye vitabu, wachote kwenye akiba zilizotengwa kwa mambo mengine. Yeye na mwenzake roho zikawasuta mpaka wakaandika barua za kuacha kazi. Bosi wa fedha akawaita, akawapa hadithi ya meli ya kivita inayobeba ndege, kwamba ndege ziko angani, tusaidieni zitue kwanza halafu ndo muondoke, na jambo lenyewe atalibeba yeye. Wakabaki. Robo iliyofuata ikaja nyingine, na nyingine. Mwaka 2005 Betty alihukumiwa kifungo cha miezi mitano, na hakuna aliyesema alijaza mifuko. Kwamba ni maagizo ya wakubwa alilisema, na jela akaenda. Na bosi aliyeahidi kulibeba alipata miaka mitano yake, ambayo haikufuta hata siku moja ya Betty.

Sasa hapa nataka mnisikilize vizuri kwa sababu kuna kundi la pili, wale walokole wa uhasibu, wanaosema mzigo uko stoo kwako basi sio mauzo, bosi mwizi, kwisha. Hapana. IFRS 15, kanuni ya kimataifa ya kurekodi mapato, inaruhusu kurekodi mauzo mzigo ukiwa bado kwako, ila kwa masharti. Kuwe na sababu ya kweli ya kuuacha pale, kwa mfano mteja mwenyewe kaomba kwa sababu saiti yake haina pa kuuweka. Uwe umetengwa, unajulikana ni wake. Uwe tayari kuondoka muda wowote. Na wewe usiweze kumpa mteja mwingine. Yakitimia yote, na mteja kweli ndo mwenye mali, milioni 46 za Desemba ni halali na anayekataa ndo anakosea! Kwa hiyo entri ile ile, mabati yale yale, inaweza kuwa uhasibu mzuri au uongo, na tofauti haiko kwenye sistimu wala kwenye sauti ya bosi, iko stoo. Nani alisema mzigo ukae, alisema lini, na kabla au baada ya mtu kuona faida haitoshi?

Ndo maana nacheka ninapoona vijana wanatafuta jibu kwenye inbox.

(Kuna mabosi wanatatua kwa kutengeneza delivery note, hati ya kukabidhi mzigo, ya tarehe 30 Desemba. Dogo akiambiwa hivyo akimbie, hapo hakuna mjadala wa IFRS tena, hiyo ni kughushi. Halafu risiti ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi, ikitolewa Januari imebeba tarehe na saa ya Januari, mashine haina bosi. Na ritani ya VAT ya Desemba ilishakwenda, mauzo ya vitabuni na ya kwenye ritani yakipishana TRA watauliza kabla hata ya mkaguzi.)

Sasa niseme ambalo semina hazisemi. Miaka kadhaa nyuma nilimshauri binti mmoja akatae kitu kama hiki. Akakataa, kwa adabu, kwa maandishi, kila kitu kama kitabu. Mkataba wake haukuongezwa. Aliyekuja kwenye kiti chake alipiga entri wiki ya kwanza. Binti alikaa miezi saba anaandika hesabu za vikoba na kuuza mafuta ya nazi, na kila nikikutana naye ananiamkia vizuri tu, "Shikamoo kaka," mimi ndo nakosa pa kuweka macho. Sijui kama nilimshauri vizuri. Nadhani ndiyo. Lakini kodi ya nyumba yake sikuilipa mimi.

Na sikumwambia kwamba mwaka wangu wa pili kazini nilisukuma bili moja ya matengenezo kwenda mwaka wa mbele kwa sababu mzee alisema ni suala la muda tu. Haikugundulika, na Januari tukaisawazisha kweli. Hakuna radi iliyopiga. Kilichotokea ni kwamba mwaka uliofuata mzee hakuomba tena, aliniletea tu karatasi na kalamu.

Dogo nilimwambia aache simu ya bosi kwanza, asubuhi aende stoo na daftari aongee na mtunza stoo, amuulize Desemba 31 mabati ya huyu mteja yalikuwa kona gani na yameandikwa jina la nani. Saa nne asubuhi akanitumia voice note, nyuma nasikia folklifti.

"Kaka, hayo mabati Desemba 31 yalikuwa kwenye kontena, bandarini. Tumeyapokea tarehe nne."

Nikamwambia haya, sasa mjibu bosi ile email, na uanze na sentensi hiyo hiyo.