Lou Gehrig hakuumwa kwa sababu ya kutopumzika

Juzi tena. Kijana kamleta baba yake, kiganja cha kulia kimenyauka hadi mifupa inahesabika, misuli ya bega inachezacheza chini ya ngozi, na mimi hata sijamshika mzee, kijana anasema, "Mzee kafanya kazi sana huyu, mwili umechoka. Si unaona hata yule Mmarekani wa besiboli, alicheza bila kupumzika ndo ALS ikampata."

Mmarekani anayemsema ni Lou Gehrig, na ALS ni ugonjwa wa neva unaodhoofisha misuli. Nimeshaisikia hii mara nyingi mno, sasa naandika.

Ni kweli Gehrig alicheza mechi 2,130 mfululizo pale Yankees, timu ya besiboli ya New York, kuanzia Juni 1925 mpaka Aprili 1939, na ukiisoma hiyo namba haraka haraka unaona jibu ndo hilo hapo. Ila angalia mtiririko. 1937 wastani wake wa kupiga (yaani hiti, mapigo yaliyofanikiwa, ukigawa kwa zamu za kupiga) ulikuwa 0.351 na homu rani, yale mapigo makubwa ya kuzunguka besi zote, 37. 1938 ukashuka hadi 0.295, homu rani 29, namba ambazo wachezaji wengi wangezipokea kwa mikono miwili, kwa hiyo nani angemshuku mgonjwa? Halafu ligi ikafungwa mwezi wa kumi, miezi yote ile ya baridi hakuna mechi. Mtu aliyechoka akipumzika miezi yote hiyo anarudi mpya jamani. Yeye 1939 alirudi akapata hiti 4 katika zamu 28, mechi 8 tu, basi.

Uchovu na udhaifu ni vitu viwili tofauti, naomba hapa tuelewane kabisa. Aliyechoka, amri ya ubongo inafika kwenye msuli, msuli ndo umeishiwa, ukilala unajaa tena. Kwenye ALS zinakufa seli za neva zinazobeba amri yenyewe, za ubongoni na za uti wa mgongo, kwa hiyo msuli unakosa wa kuuamrisha, unanyauka, na usingizi haufufui neva iliyokufa. Tena mwanzoni neva jirani zinaichukua misuli iliyoachwa yatima na kuilea pamoja na ya kwao, ndo maana mtu anaweza kupoteza neva nyingi tu huku nje bado anaonekana mzima. Ile 0.295 mimi naiona hivo, japo hakuna aliyempima mwaka ule.

Kuna siku mwishoni mwa Aprili 1939 alidaka mpira wa kawaida kabisa pale besi ya kwanza, kitu alichokifanya maelfu ya mara, wenzake wakampongeza. Hapo akajua mambo yameharibika. Tarehe 2 Mei, wakiwa Detroit, akamwambia kocha Joe McCarthy amtoe kikosini. Huwa nawaambia ndugu wa wagonjwa: siku mkijikuta mnampongeza mzee kwa kufunga kifungo cha shati, msimwambie akaze moyo, mleteni.

Hospitali ya Mayo Clinic walimpa jibu tarehe 19 Juni, siku anatimiza miaka 36. Barua yao ikasema kwa lugha ya watu wa kawaida ni aina ya polio sugu, na hayo maneno yalimtesa, maana 1940 gazeti moja la New York likaandika kwamba Yankees wanafungwa kwa sababu Gehrig kawaambukiza, akalishtaki, likaomba radhi. ALS haiambukizi. Alifariki 2 Juni 1941.

Sasa niwe mkweli, maana vitabu hapa vinapita mbio. Kama mazoezi makali ya miaka mingi yanaongeza hatari kidogo, tafiti hazikubaliani, na wacheza soka wa Italia walikutwa na ALS wengi kuliko ilivyotarajiwa. Kichwa nacho: 1934 huko Norfolk mpira ulimgonga kichwani akazimia, na kesho yake akaingia uwanjani. Mwaka 2010 watafiti wa Boston waliokuwa wanachunguza bongo za wanamichezo waliopigwapigwa vichwa walikuta ugonjwa unaofanana sana na ALS, watu wakaanza kuuliza kama hata Gehrig alikuwa na ALS yenyewe. Mwili wake ulichomwa, hakuna cha kupima. Hilo linanisumbua na sina jibu. Lakini kuzimia kwa kugongwa kichwa sio kuchoka, msivichanganye.

Yule kijana alishamnunulia mzee vyuma vya kunyanyua. Nilimwambia aviweke mbali. Mazoezi mepesi sawa, kunyoosha viungo kila siku visikaze sawa, ila aache kabla hajachoka, na asubuhi akiamka dhaifu kuliko jana basi jana mlizidisha. Halafu nikamwelekeza kwa daktari wa neva, nikamwomba wakati wanasubiri tarehe aangalie mambo mawili, kumeza na kupumua: mzee akinywa maji anapaliwa? Na akilala chali anakosa pumzi, au anaamka na kichwa kinauma? Kijana akamgeukia baba yake. Mzee akasema kwa sauti ndogo kwamba analala amekaa kwenye kiti, wiki ya tatu sasa.