Ukwasi wa mstaafu: fedha kiasi gani ikae karibu?

Kwa Kiswahili cha wazee wetu mkwasi ni tajiri, na ukwasi ni utajiri wenyewe. Watu wa fedha wamelichukua neno hilo wakalipa kazi nyingine: ukwasi ni uwezo wa mali kugeuka fedha taslimu upesi, bila thamani yake kupotea njiani. Kwa maana hiyo mtu anaweza kuwa na nyumba mbili, shamba la ekari 5 na ng'ombe 12, na bado akawa hana ukwasi. Akitakiwa kulipa laki nane kabla ya jua kuzama, hana pa kuzitoa.

Mjomba wangu alistaafu ualimu Morogoro akiwa na miaka 60. Mkupuo, yaani sehemu ya mafao inayolipwa mara moja, ulipoingia aliumaliza ndani ya wiki chache: akaezeka nyumba, akanunua kiwanja cha milioni 9, akaanza kujenga fremu tatu za maduka. Fremu zilifika kwenye lenta, fedha ikakata. Miezi saba baadaye mkewe akatakiwa kufanyiwa upasuaji, na sehemu ya gharama ilikuwa nje ya bima. Kiwanja kikatangazwa. Mnunuzi wa kwanza alikaribishwa sebuleni, akaiona bahasha kubwa ya picha za eksirei juu ya meza, akatoa milioni 5 na nusu na hakuongeza hata mia. Mjomba akasaini. Mali alikuwa nayo. Kilichomgharimu milioni 3 na nusu ni kukosa fedha ya karibu.

Ukisoma ushauri wa Marekani utakuta wastaafu wanaambiwa waweke taslimu ya kutosha mwaka mmoja, wengine miwili. Wana sababu yao. Wengi wao wanaishi kwa kuuza hisa kidogo kidogo, na soko likianguka kama mwaka 2008, anayelazimika kuuza wakati huo anauza kwa hasara. Taslimu inampa muda wa kusubiri. Mstaafu wetu wa Tanzania kwa kawaida hana hisa, ana kiwanja na mifugo, lakini ugonjwa ni uleule: kuuza kwa bei ya kutupa kwa sababu shida imebisha hodi. Tofauti ni kwamba huku wengi wana pensheni ya kila mwezi kutoka mifuko ya hifadhi ya jamii, PSSSF au NSSF. Kwa hiyo hesabu yetu haianzi kwenye matumizi yote. Inaanza kwenye pengo.

Pengo ni matumizi ya mwezi kutoa pensheni ya mwezi. Tuseme nyumba inatumia 650,000 na pensheni ni 420,000. Pengo ni 230,000, na kwa miezi 12 ni 2,760,000. Juu yake ongeza mambo yanayokuja mara moja kwa mwaka na ambayo watu huyasahau kwa sababu hayaji kila mwezi: kodi ya pango la ardhi, palizi, ada ya mjukuu, nauli za kwenda kwenu Desemba. Tuyape 1,200,000. Kisha fungu la dharura, yaani ugonjwa au msiba, 3,000,000. Jumla ni 6,960,000. Hiyo ndiyo fedha ambayo mstaafu huyu asiijengee fremu wala kuikopesha. Kama ana kodi ya nyumba inayoingia kwa uhakika, pengo linapungua. Kama ana kisukari, fungu la dharura linapanda. Wala usipange kwa kumbukumbu ya kichwani. Andika matumizi ya miezi mitatu kwenye daftari kwanza, kwa sababu karibu kila mtu hudhani anatumia kidogo kuliko anavyotumia kweli.

Nasisitiza kutenga fungu hili siku mkupuo unapoingia kwa sababu mkupuo wenyewe si mkubwa kama wengi walivyouota. Kanuni za mafao za Julai 2022 ziliweka asilimia 33 ya mafao kwa mkupuo, na bajeti ya 2024/25 ikaipandisha hadi 40 kwa wale ambao zamani walikuwa wakipata 50. Kinachobaki kinalipwa kama pensheni. Na pensheni nayo inaweza kukwama: mstaafu asipofanya uhakiki, yaani kuthibitisha kuwa bado yu hai, kwa wakati, malipo yanasitishwa hadi ajihakiki. Ukiwa na fungu la karibu, mwezi mmoja wa kukwama hautakusukuma kwa mkopeshaji wa riba ya mtaani.

Fedha ya karibu si lazima ikae yote kwenye simu au chini ya godoro. Ya wiki moja au mbili ikae kwenye simu. Ya miezi mitatu ikae benki, akaunti ya kawaida. Bodi ya Bima ya Amana hulinda hadi shilingi 7,500,000 za mteja katika benki moja ikitokea benki imefilisika, na hesabu yetu ya hapo juu inaingia ndani ya kiwango hicho. Sehemu iliyobaki inaweza kwenda kwenye Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, kampuni ya umma ya uwekezaji wa pamoja, ambako huzaa kidogo na hutolewa ndani ya siku chache za kazi. Amana ya muda maalumu ni ya mbali zaidi, kwani ukiivunja kabla ya siku yake unapoteza riba. Akiba ya VICOBA, vile vikundi vya kuweka na kukopa, nayo usiihesabu kuwa ya karibu; aghalabu inasubiri kikundi kivunje mzunguko. Hatifungani ya Serikali ya miaka 20, yaani fedha unayoikopesha Serikali, ni mali nzuri sana, lakini iache ifanye kazi yake: hulipa riba kila baada ya miezi sita, na riba hiyo ndiyo ya kujazia fungu lililopungua.

Je, kwa nini usiweke taslimu nyingi zaidi, ulale usingizi? Kwa sababu bei hazilali. Mfumuko wa bei ukiwa asilimia 3 tu kwa mwaka, milioni 10 zilizokaa kabatini miaka 10 zitanunua vitu vya kama milioni 7.4 za leo. Tena fedha inayoonekana huombwa. Ndugu wana haki ya kusaidiwa, nami siungi mkono kuwafungia mlango, lakini msaada uwe na fungu lake dogo linalojulikana. Likiisha, limeisha mpaka mwezi ujao. Na yeyote anayepiga simu akijiita ofisa wa mfuko, anataka utume fedha kwanza ili mafao yako yaharakishwe, ni tapeli. Kata simu.

Kuna jambo moja ambalo hesabu hailionyeshi. Fedha ya karibu iwe karibu na mwenza wako pia. Akaunti ikiwa kwa jina la baba peke yake, akifariki benki inaifunga mpaka mahakama imthibitishe msimamizi wa mirathi, na mjane anakaa miezi akiangalia fedha asiyoweza kuigusa, wakati wageni wa msiba bado wako uani. Baada ya kuuza kile kiwanja, mjomba na mkewe walikwenda benki pamoja wakafungua akaunti ambayo kila mmoja anaweza kutoa peke yake, wakauliza kwa kinywa chao wenyewe itakuwaje mmoja akitangulia, na hawakutoka pale kaunta mpaka walipojibiwa.