Muuza njugu kutoka Bujumbura: yanayosemwa na yalivyo

"Mrundi yumo ndani ya Jumuiya, auze atakacho Nairobi." Kuhusu Warundi wanaouza njugu mitaani Nairobi, hili ndilo nalisikia zaidi, tena kwa watu wasomi. Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Itifaki ya Soko la Pamoja, yaani mapatano ya kufunguliana mipaka kwa watu na bidhaa, ikaanza kutumika Julai 2010. Viza kweli haombi, na mpakani anaweza kugongewa muhuri wa hadi miezi sita. Ila muhuri huo ni wa mgeni. Kazi na biashara zinataka kibali cha Uhamiaji, halafu leseni ya kaunti. Nani atahangaikia makaratasi yote hayo kwa ajili ya ndoo ya njugu za shilingi kumi kumi? Siku zikiisha, anabaki na wasiwasi.

"Basi ni mkimbizi." Wapo, na Sheria ya Wakimbizi ya Kenya ya 2021 inawatambulia haki ya kufanya kazi na biashara. Lakini wapo pia waliopanda basi kuja kutafuta riziki tu, na hao sheria hiyo haiwahusu.

"Hana gharama, faida yote yake." Hebu itazame ile ndoo. Njugu za chumvi, kopo la makaa juu yake ili zisipoe, karatasi zilizosokotwa mojamoja kwa mkono, kikombe kidogo cha kupimia. Mara nyingi ndoo si yake. Kuna bosi mwenye mtaji anayenunua njugu, anawalaza vijana chumba kimoja, na usiku wanahesabiana. Mvua ya Aprili ikilowesha mzigo, sijasikia bosi akiibeba hasara. Kanjo, yaani askari wa kaunti, wakitokea, Mkenya atabishana nao, atapigia jamaa zake simu. Huyu hathubutu, maana swali la kwanza laweza kuwa la pasipoti. Anatoa alichonacho mfukoni, anahama kona.

"Wanatunyang'anya kazi." Njugu anazinunua hapahapa, mkaa hapahapa, kodi ya chumba inaingia mfukoni mwa landilodi wa hapahapa. Na sijamwona Mkenya aliyemfukuza Mrundi pale kituo cha matatu ili aishike ile ndoo yeye.

"Kiswahili amejifunzia barabarani Nairobi." Hapana. Buyenzi, mtaa wa Bujumbura, umekuwa wa Waswahili tangu enzi za Wabelgiji. Kijana wa huko huja na Kiswahili chake, pengine kilichonyooka kuliko cha makanga anayemcheka lafudhi. Kinachomsumbua kukijua ni Sheng, lugha ya vijana wa mitaani Nairobi, na hiyo hata mimi hunipita.