Usisubiri mtoto wa jicho akomae

Wiki haipiti kliniki ya macho hapa Mbeya bila mtu kuniambia: "Daktari, niliambiwa nisubiri mtoto wa jicho akomae kwanza." Mara nyingi ni mzee aliyeshikwa mkono na mjukuu, ametoka Tukuyu au Makete kwa basi la alfajiri, na jicho linaona mwanga wa dirisha tu. Ushauri huo ulikuwa na sababu yake zamani. Leo unaumiza watu, ndiyo maana naandika.

Nyuma ya mboni kuna lenzi ndogo, upana wake kama milimita 9, angavu kama kioo. Imejaa maji na protini zilizopangwa kwa utaratibu, na kazi yake ni kuukusanya mwanga uangukie retina, ule utando wa nyuma ya jicho. Umri ukisonga, protini huvurugika na kushikamana, kama ute wa yai unavyogeuka mweupe ukipata moto. Huyo ndiye mtoto wa jicho. Kinyama kinachotambaa kutoka pembeni na kuelekea mboni ni ugonjwa mwingine kabisa.

Kisukari, kupigwa jichoni, sigara na dawa za steroidi zikitumiwa muda mrefu humleta mapema. Watoto pia humpata. Ukiona weupe kwenye mboni ya mtoto mchanga, mlete wiki hiyohiyo, kwa sababu weupe huo unaweza pia kuwa saratani.

Hakuna dawa ya matone inayomwondoa, wala miwani. Maji ya majani na asali ndiyo hunisikitisha zaidi: huunguza konea, kile kioo cha mbele, kikabaki na kovu. Hapo hata nikibadilisha lenzi, mgonjwa ataendelea kuona ukungu.

Kwa nini wazee waliambiwa wasubiri? Zamani lenzi ilitolewa nzima pamoja na kifuko chake, na haikuwekwa nyingine. Mgonjwa alibaki na miwani minene mno, hivyo haikufaa kumpasua mtu ambaye bado anaona kiasi. Mwaka 1949, London, daktari Harold Ridley aliweka lenzi ya plastiki ndani ya jicho kwa mara ya kwanza. Alikuwa ameona kwamba vipande vya plastiki ya madirisha ya ndege vilivyoingia machoni mwa marubani wa vita vilikaa humo bila kuleta madhara makubwa. Leo tunapasua pale ukungu unapoanza kukuzuia kusoma, kushona, kupalilia au kutambua sura ya mtu.

Na hapana, jicho haling'olewi likawekwa shavuni, ingawa naulizwa hivyo kila mara. Kwanza tunapima jicho kwa mashine ili tujue nguvu ya lenzi inayokufaa. Thieta unachomwa ganzi kando ya jicho, unabaki macho, unasikia sauti zetu. Nakata kijitundu cha milimita 6 au 7 kwenye weupe wa jicho, nafungua kifuko cha lenzi kwa mbele, nautoa moyo wake mgumu, nasafisha mabaki, kisha naweka lenzi mpya katika kifuko kilekile. Tundu likichongwa vizuri hujifunga lenyewe, mara nyingi bila uzi. Palipo na mashine ya mawimbi ya sauti, lenzi husagwa na kufyonzwa kupitia tundu dogo zaidi, kama milimita 3.

Baada ya hapo ni matone kwa wiki kadhaa. Usilifikiche jicho wala usibebe ndoo kichwani. Likiuma, likawa jekundu, au uoni ukashuka, rudi siku hiyohiyo. Usingoje tarehe ya kliniki.

Lenzi ikiachwa muda mrefu inaweza kuvimba au kuvujisha protini zake, njia ya maji ya jicho ikaziba na presha ndani ya jicho ikapanda. Mshipa wa fahamu wa jicho ukifa kwa presha, haufufuki. Nilimpata bibi mmoja katika hali hiyo. Jicho la kulia lilikuwa limemuuma kwa wiki tatu, jekundu, naye kwa imani yake alikuwa anasubiri likomae. Nikampasua, lenzi mpya ikakaa vizuri, lakini hakuona kitu.

La kushoto nililiwahi. Asubuhi nilipomfungua bandeji, aliangalia mapajani mwake akasema, "Kumbe kitenge hiki ni cha buluu!" Kwa miaka alidhani ni cha kijivu, maana mtoto wa jicho huchuja rangi, hasa buluu. Akacheka, akashika pindo la kitenge, akaligeuza huku na huku. Kisha akaliziba jicho la kushoto kwa kiganja, akakaa kimya kidogo.

"Na hili, mwanangu, ningekuja mapema lingeona?"

Nilimwambia ndiyo, bibi. Lingeona.